Wasomaji Wauliza: Shule Zetu Zipimwe kwa Kipimo Gani?

Tangu Gredi ya 9 ifanye KJSEA ya kwanza, tathmini ya taifa ya Kenya ya kumaliza sekondari msingi, mwaka 2025, barua kuhusu matokeo ya shule haziishi. Za toleo hili zimetoka Lamu na Malindi. Tumezifupisha, na majina tumeyaondoa.

SWALI: Assalamu alaikum. Mwaka juzi shule yangu iliongoza zoni (kundi la shule za eneo letu) katika KPSEA, tathmini ya taifa ya Gredi ya 6. Mwaka jana imeshika mkia. Walimu ni wale wale, vitabu ni vile vile. Watoto wa Gredi ya 6 ni 16 tu. Bodi yataka maelezo kwa maandishi, na wazazi wengine wasema nihamishwe. Niwaandikie nini?
*Mwalimu mkuu, Kisiwa cha Pate*

JIBU: Waalaikumu salaam, Mwalimu. Anza na hesabu kabla ya maelezo mengine yoyote.

Chukua shule ambayo kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kufikia matarajio, yaani kiwango kinachotakiwa. Ikiwa na watoto 16, ungetazamia wanane wafikie. Lakini malaria siku ya mtihani, au familia moja yenye watoto hodari kuhamia Mombasa, yatosha kuichezesha idadi hiyo. Kwa kubahatika tu, bila mwalimu kufundisha vizuri zaidi wala vibaya zaidi, itakuwa kati ya 4 na 12 karibu kila mwaka. Kwa asilimia, hiyo ni kutoka 25 hadi 75. Shule ya mjini yenye watoto 100 na ubora ule ule itacheza kati ya 40 na 60. Kwa hivyo katika orodha yoyote ya matokeo, shule ndogo hujazana juu kabisa na chini kabisa, na shule kubwa hubaki katikati. Anayeipongeza shule ndogo kwa kuongoza na anayeilaumu kwa kushika mkia wote wawili wanasoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Dawa yake ni kujumlisha. Weka pamoja watoto wa miaka mitatu, wawe 48, na kucheza kule kunapungua: sasa ni kati ya asilimia 35 na 65. Bado ni pana, lakini angalau mwaka mmoja mbaya haumfukuzi mtu kazi. Pia andika idadi ya watoto badala ya asilimia. "Watoto 5 kati ya 16" humfanya msomaji aone ni watoto wangapi wanaozungumziwa. "Asilimia 31" humfanya asahau. Huko Marekani kila jimbo huweka idadi ya chini, mara nyingi kati ya 10 na 30, na kundi lililo dogo kuliko hapo halitumiki kuhukumu shule. Sababu ya pili ya kufanya hivyo ni heshima ya mtoto. Kisiwani, ukibandika kwamba watatu wamekuwa chini ya matarajio, kufikia adhuhuri kila mtu anawajua.

Lakini tahadhari, Mwalimu: hesabu hii si kichaka cha kujificha. Ikiwa miaka mitatu mfululizo Hisabati iko chini na masomo mengine yako sawa, hilo si suala la bahati. Karatasi utakayoipeleka kwa Bodi iwe ukurasa mmoja: jedwali la miaka mitatu kwa kila somo, idadi ya watoto kila mwaka, na chini yake mada mbili ambazo zimekuwa dhaifu miaka yote, na nani atazifundisha upya na lini.

SWALI: Hapa Malindi, kila matokeo yakitoka, orodha ya shule kuanzia nambari moja husambaa kwenye WhatsApp, ilhali tuliambiwa mambo hayo yalikomeshwa. Wazazi wanaiamini. Kama chama cha wazazi twaweza kutumia nini badala yake?
*Mwenyekiti wa wazazi, Malindi*

JIBU: Bwana Mwenyekiti, ni kweli Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kupanga shule kwa nambari mwaka 2014. Orodha zinaendelea kwa sababu wazazi wana swali la haki na hakuna anayewajibu. Kuikataza orodha bila kutoa kitu bora zaidi hakufai.

Kasoro ya orodha ni kwamba inasema watoto wamefika wapi, haisemi walianzia wapi. Shule inayochagua watoto wa kuingia itaongoza hata kama haiwafundishi kitu. Njia ya kulirekebisha hili inawezekana kwa zoni yoyote yenye mtihani wa pamoja, na inafanyika kwa programu ya kawaida ya majedwali katika kompyuta moja.

Tafuteni alama za watoto wa Gredi ya 6 wa zoni nzima, na alama za watoto hao hao walipokuwa Gredi ya 4. Msitoe alama ya Gredi ya 4 kutoka kwa ile ya Gredi ya 6! Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi. Mitihani hiyo miwili haina ugumu mmoja, kwa hivyo mtoto aliyepata 60 na kisha 58 pengine amepiga hatua kubwa. Badala yake, wapangeni watoto wote wa zoni kwa makundi kulingana na alama za Gredi ya 4: walioanzia 30 hadi 39, 40 hadi 49, na kuendelea. Kwa kila kundi tafuteni wastani wa Gredi ya 6. Kisha linganisheni kila mtoto na wastani wa kundi lake.

Tuseme walioanzia 30 hadi 39 katika zoni wamemaliza na wastani wa 44. Shule yenu ina watoto 9 wa kundi hilo, na wao wamefika 50, yaani wamezidi kwa 6. Walioanzia 60 hadi 69 zoni nzima wamemaliza na 66. Wenu 5 wamefika 63, wamepungua kwa 3. Mara tisa sita ni 54, toa 15, gawa kwa 14: shule ina ziada ya 2.8. Hiyo ni nambari nzuri, lakini kilicho muhimu zaidi kimo ndani yake. Shule yenu inawainua wanyonge na kuwaacha hodari wakae. Orodha ya WhatsApp isingewaambia hivyo kamwe.

Kundi likiwa na watoto chini ya 10 katika zoni, liunganisheni na la jirani. Mtoto aliyehamia akiwa Gredi ya 5 msimfute, tumieni alama yake ya Gredi ya 5, na wote wa namna hiyo katika zoni muwaweke kundi lao peke yao. Na alama za mwanzo zihifadhiwe mahali pawili. Uingereza hupima shule za sekondari kwa njia ya namna hii tangu 2016, kwa kipimo kiitwacho Progress 8, na mitihani ya kumaliza msingi ilipofutwa 2020 na 2021 kwa sababu ya korona, watoto wa miaka hiyo walipofika mwisho wa masomo kipimo hakikuwezekana kukokotolewa. Bila alama ya mwanzo hakuna hatua inayopimika.

SWALI: Ripoti za mtihani wa zoni zikija tunazibandika ukutani, basi. Mwalimu wa Hisabati hujua nani amefaulu na nani ameanguka, zaidi ya hapo hajui la kufanya. Tunakosea wapi?
*Mwalimu wa Gredi ya 6, Mokowe*

JIBU: Mnakosea tangu siku ya kutunga, Mwalimu, kwa sababu jibu lisilo sahihi lisipotungwa kwa makusudi halitakwambia kitu. Angalia swali hili:

*Korja moja ni boriti 20. Jahazi limepakia korja 35 na boriti 12. Jumla ni boriti ngapi? A. 47 B. 275 C. 712 D. 940*

Jibu ni C: 35 mara 20 ni 700, ongeza 12. Sasa tazama mengine. Aliyechagua 47 amejumlisha namba mbili alizoziona, hakuzidisha. Aliyechagua 940 amezihesabu zile 12 kama korja pia. Aliyechagua 275 amezidisha 12 kwa 20 na kuongeza 35: anajua kuzidisha, anajua kujumlisha, lakini namba haijashikamana na kitu chake. Katika darasa la watoto 40, ikiwa 14 wamechagua C na 17 wamechagua B, usirudie kufundisha kuzidisha. Watoto hao wanajua kuzidisha. Wape maswali matano ambayo kazi yao ni moja tu: kuandika kando ya kila namba ni ya nini, kabla ya kugusa hesabu. Na ikiwa majibu yamegawanyika karibu kumi kumi kwa kila herufi, darasa limebahatisha, na huo ni ugonjwa mwingine.

Hesabuni herufi walizochagua kwa kila swali. Kwa watoto 40 na maswali 30, walimu wawili, mmoja akisoma na mwingine akipiga vistari, wanamaliza alasiri moja. Kisha chukua karatasi 13 za juu na 13 za chini. Swali ambalo wa chini wamelipata zaidi kuliko wa juu lina kasoro, na mara nyingi kasoro ni kwamba mwongozo wa kusahihisha una herufi isiyo sawa. Lile ambalo wote wamelipata, au hakuna aliyelipata, halijawatenganisha. Libadilisheni mara nyingine.

Na mada moja isihukumiwe kwa swali moja. Chini ya maswali manne kwa kila mada, usimwandikie mzazi kwamba mtoto "hajui sehemu".

SWALI: Tathmini za shuleni za Gredi ya 8 zinahesabiwa asilimia. Shule jirani imewapa karibu wote kiwango cha juu. Mimi nikitoa alama za haki, watoto wangu wataumia. Nifanyeje?
*Mwalimu wa sekondari msingi, Lamu mjini*

JIBU: Unalolisema ni zito, na halitatatuliwa na mwalimu mmoja mwadilifu. Mtoto anapopangiwa shule ya Gredi ya 10, KJSEA huchangia asilimia 60, KPSEA 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia 20 zilizobaki. Palipo na asilimia 20 mkononi mwa mwalimu anayewapenda watoto wake, alama zitapanda. Wala si wizi wa mtu mbaya. Mfumo wowote unaomfanya mtoaji alama ahukumiwe kwa alama hizo hizo huzaa jambo hili, popote duniani.

Kinachosaidia ni kusahihisha kwa kulinganisha. Mkutane walimu wa somo moja kutoka shule mbili au tatu. Kila mmoja alete kazi 10 za mradi uleule: tatu za juu, nne za kati, tatu za chini. Majina yafunikwe, kila karatasi ipewe nambari. Kila mwalimu asahihishe peke yake na kuandika kiwango kwenye karatasi yake ya pembeni, asitie alama yoyote kwenye kazi ya mtoto, maana anayefuata akiiona ataifuata. Mkimaliza, linganisheni. Kati ya kazi 10, angalau 7 ziwe na kiwango kimoja, na isiwepo hata moja iliyopishana kwa viwango viwili.

Zilizopishana ndizo zenye faida. Mara nyingi mtaona mmoja ametuza mwandiko na usafi, na mwingine ametuza wazo. Rudini kwenye maneno ya rubriki, yaani karatasi ya vigezo vya kila kiwango: inasema "ameeleza sababu" au inasema "amepanga vizuri"? Mkubaliane, kisha zile kazi mlizokubaliana muzihifadhi kama mifano, moja kwa kila kiwango. Muhula ujao, kabla ya kuanza, zisahihisheni tena hizo hizo bila kuangalia viwango vya mwanzo. Mkiona mmekuwa wakarimu zaidi, mtajua mmeteleza.

Kama shule ya pili iko ng'ambo ya maji na nauli ya mashua ni shida, pigeni picha za kazi kwa simu. Mradi wa kitu cha kufuma au kuchonga upigwe picha tatu, mbele, nyuma na kwa karibu; picha moja huficha kasoro.

Matokeo ya KJSEA yakitoka, yawekeni kando ya alama zenu. Msitazamie zilingane, kwani mradi na mtihani hupima vitu tofauti. Lakini shule iliyowapa tisa kati ya kumi kiwango cha juu, na kwenye mtihani wawili tu wakafika huko, iulizwe kwa barua ya heshima, na iletewe kazi za mifano.

SWALI: Mwanangu wa Gredi ya 5 ni mzito kidogo kusoma. Nimeambiwa nimwache arudie darasa, au nimtafutie shule nyingine, "asituharibie wastani". Hili ni sawa?
*Mama, Malindi*

JIBU: Si sawa, Mama, wala si halali. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumzuilia mwanafunzi darasa au kumfukuza shule. Omba walikwambialo liandikwe. Mara nyingi neno hilo likidaiwa kwa maandishi hurudishwa. Wasipolirudisha, nenda kwa mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, kisha kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Na muulize mwalimu mkuu nambari ya tathmini ya mtoto aliyosajiliwa nayo KNEC (Baraza la Mitihani), uiandike na kuiweka.

Kwa wanaotunga vipimo: neno hilo "asituharibie wastani" limezaliwa na kipimo, na kipimo ndicho kibadilishwe. Tanzania, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulioanza 2013, shule zilipangwa kwa nambari hadharani. Watafiti walikuta zile za mwisho ziliongeza ufaulu, lakini pia idadi ya watoto waliofika chumba cha mtihani wa darasa la saba ikapungua. Brazil, tangu 2007, alama za mtihani huzidishwa kwa kiwango cha watoto wanaopanda darasa. Shule yenye alama 6 na ambayo watoto 9 kati ya 10 wamepanda hupata 5.4. Ikiwakaririsha wanyonge ili alama ipande, upande wa pili unashuka. Marekani hudai angalau asilimia 95 ya wanafunzi wafanye mtihani.

Kwetu njia nyepesi ni kugawa kwa watoto waliokuwa kwenye daftari la Gredi ya 4, si kwa waliofika siku ya mtihani. Aliyehama na kupokelewa kwingine aondolewe kwa barua ya uhamisho. Asiye na barua ahesabiwe, na ahesabiwe kuwa hajafikia.

SWALI: Kamati yetu ya wadi inataka kila shule itoe ripoti ya ukurasa mmoja kwa wananchi kila mwaka. Tuweke nini, na tuipe kila shule gredi A hadi E?
*Mjumbe wa kamati ya elimu, Lamu*

JIBU: Gredi moja msiitoe. Huficha kila kitu cha maana, na humfanya mwalimu mkuu atafute pointi badala ya kutafuta watoto. Marekani, sheria ya 2002 iliagiza watoto wote wafikie kiwango ifikapo 2014. Walimu wengi wakawashughulikia watoto walio hatua moja chini ya mstari, wakawaacha walio mbali nao na waliokwisha kuuvuka. Sheria iliyoichukua nafasi yake mwaka 2015 ilipanua vipimo: hatua aliyopiga mtoto, ujifunzaji wa lugha, na jambo jingine kama mahudhurio.

Ukurasa wenu uwe na hatua za watoto (tumeeleza juu), watoto wa Gredi ya 4 waliofika mwisho, usomaji wa Gredi ya 3, na mahudhurio.

Kwenye mahudhurio kaeni kidogo. Wastani hudanganya. Shule inaweza kuwa na mahudhurio ya asilimia 92 na bado robo ya watoto wakawa wanakosa sana, kwa kuwa wengine hawakosi hata siku moja. Hesabuni kwa mtoto: aliyekosa siku moja kati ya kila kumi. Katika muhula wa wiki 13, yaani siku 65, huyo ni aliyekosa siku 7 au zaidi. Sababu iandikwe kwa herufi moja kwenye daftari: maradhi, bahari, arusi, karo, usafiri. Zikijumlishwa kwa mwezi, mtaona zinavyofuata msimu. Wavulana wanaotoweka bahari inapotulia wanahitaji mpango mwingine kabisa kuliko watoto wanaokosa kwa sababu ya mashua mbovu.

Upande wa pili wa ukurasa huo uwe wa yale shule iliyopewa: walimu walioajiriwa na wanaohitajika, tarehe fedha za serikali zilipoingia, vyoo, maji. Lamu kuna shule za msitu wa Boni zilizowahi kufungwa kwa sababu ya usalama, na kuna visiwa ambako mwalimu wa kutoka bara haketi. Kuidai shule hesabu bila kusema ilipewa nini ni dhuluma.

Mkumbuke pia mipaka yenu. Kwa Katiba ya 2010, kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Walimu wa msingi na sekondari ni wa TSC, tume ya taifa inayowaajiri walimu. Kamati yenu haiwezi kumwadhibu mwalimu mkuu wa msingi, lakini inaweza kuleta ripoti mezani, na usafiri, maji na chekechea zimo mikononi mwa kaunti yenyewe. Safu moja ya ripoti iandikwe "kaunti itafanya nini, kufikia tarehe gani".

SWALI: Mimi sikusoma sana. Nitajuaje kama mjukuu wangu wa Gredi ya 3 anajua kusoma, bila kungoja ripoti?
*Babu, Faza*

JIBU: Shikamoo, Babu. Mtafute kijana anayesoma vizuri akusaidie. Achague hadithi fupi ya Kiswahili ambayo mtoto hajaiona, yenye maneno kama 60. Mtoto asome kwa sauti dakika moja kwa saa ya simu. Kijana ahesabu maneno yaliyosomwa sawasawa. Mtoto anayemaliza darasa la pili hutarajiwa kusoma maneno 45 kwa dakika ya Kiswahili. Kwa Kiingereza ni 65, maana maneno ya Kiswahili ni marefu. Akisoma "mato" palipoandikwa "macho", au "ndia" palipoandikwa "njia", asihesabiwe kosa. Amelisoma neno, akalitamka kama nyumbani kwao. Akishikwa na neno, mngojeeni kidogo, kisha aende mbele.

Halafu wewe mwenyewe, Babu, muulize maswali matatu kuhusu hadithi aliyoisoma: nani, nini kilitokea, kwa nini. Hapo huhitaji kujua kusoma. Anayekimbia kwa maneno 50 na hajui hadithi ilihusu nini bado hajasoma. Na akiwa chini ya maneno 17, msingoje muhula uishe: pelekeni karatasi hiyo kwa mwalimu wa darasa wiki hiyo hiyo, muulize atamsomesha sauti na silabi zipi kwanza, na rudieni kipimo hicho kwa hadithi nyingine baada ya wiki nne.